Ametimuliwa lakini hayuko jela, ana hatia lakini yuko bungeni

Tangu Seneti ya Kenya ilipomwondoa Rigathi Gachagua katika kiti cha Naibu Rais usiku wa Oktoba 17, 2024, kuna swali ambalo halijaisha mitandaoni wala vijiweni: kama makosa yake yalikuwa mazito kiasi hicho, mbona hajafungwa? Wengine huuliza kinyume chake. Mbunge amehukumiwa na mahakama, hukumu imesomwa hadharani, magazeti yameandika, na Jumanne inayofuata yuko bungeni anachangia mjadala. Inakuwaje?

Wanaouliza wana haki ya kushangaa. Wanasiasa wenyewe huyachanganya mambo haya kwa makusudi. Anayetimuliwa husema "hakuna mahakama iliyonipata na hatia", na aliyehukumiwa husema "wananchi ndio walionichagua". Kauli zote mbili zinaweza kuwa kweli na bado zisimsaidie msemaji hata kidogo.

Tuanze na maana. Kumtimua kiongozi, au kumbandua, ni kumwondoa katika kiti kabla muhula wake haujaisha kwa kura ya wabunge, baada ya kumsomea mashtaka na kumpa nafasi ya kujitetea. Kutiwa hatiani ni uamuzi wa hakimu au jaji kwamba mtu ametenda kosa la jinai lililoandikwa katika sheria, na adhabu yake ni faini, kifungo au vyote viwili. Bunge haliwezi kumfunga mtu hata siku moja. Hakimu naye hapigi kura ya kumbandua gavana.

Mfikirie mweka hazina wa chama cha akina mama. Pesa za mchango hazionekani, vitabu havieleweki, na kila akiulizwa anafoka. Wanachama wanaitisha mkutano, wanamsikiliza, wanapiga kura na kumnyang'anya funguo za kasha. Hawajasema ni mwizi. Wamesema hawawezi kumwachia pesa zao tena. Wakitaka, watamshtaki kwa polisi, na kesi itachukua miaka yake. Hakimu akimwachilia kwa kukosa ushahidi wa kutosha, hana amri ya kumrudishia funguo. Na kama mkutano ule uliitishwa kisirisiri bila yeye kuarifiwa, ana haki ya kulalamika kwamba utaratibu ulivunjwa, hata kama pesa kweli alizila.

Sasa tuifungue Katiba ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 145 kinataja sababu tatu za kumtimua Rais, na Kifungu cha 150 kinazitumia hizo hizo kwa Naibu Rais. Ya kwanza ni ukiukaji mkubwa wa Katiba au sheria nyingine yoyote. Ya pili ni kuwapo kwa sababu nzito za kuamini kwamba ametenda uhalifu chini ya sheria za nchi au za kimataifa. Ya tatu ni utovu mkubwa wa maadili.

Isome tena ile ya pili, kwa sababu hapo ndipo wengi hujikwaa. Haisemi "amepatikana na hatia". Inasema kuna sababu nzito za kuamini. Kwa hiyo Bunge halihitaji kusubiri hukumu ya mahakama, wala hata kesi kufunguliwa. Na ya kwanza na ya tatu hazihitaji uhalifu kabisa. Kiongozi anaweza kutimuliwa kwa jambo ambalo hakuna sheria ya jinai inayolitaja, kwa mfano kuendesha ofisi ya umma kana kwamba ni mali ya kabila lake.

Hiyo haina maana kwamba wabunge wanaweza kumtimua mtu kwa sababu hawapendi sauti yake. Neno zito pale ni "mkubwa". Gavana wa kwanza kutimuliwa nchini Kenya, Martin Wambora wa Embu, mwaka 2014, alipigania kiti chake mahakamani kutoka ngazi hadi ngazi, na katika kesi zake majaji walisisitiza kwamba si kila kosa dogo la kiutawala linatosha. Lazima ukiukaji uwe mkubwa, na lazima uonyeshwe uhusiano kati ya ukiukaji huo na gavana mwenyewe. Kosa la karani wa ununuzi halimwangukii gavana hivi hivi tu. Wambora alitimuliwa mara mbili, akaokolewa na mahakama, akachaguliwa tena 2017 na kumaliza muhula wake 2022. Wanaosema "akishatimuliwa ameisha" humsahau yeye.

Hesabu ya kura nayo ina siri zake. Kwa Rais au Naibu wake, mbunge anayewasilisha hoja lazima aungwe mkono na angalau theluthi moja ya wabunge wote. Hoja ikipata theluthi mbili katika Bunge la Kitaifa, yaani wabunge 233 kati ya 349, inapelekwa Seneti, ambayo inaweza kusikiliza mashtaka kikao kizima au kuunda kamati ya maseneta 11. Kura ya Bunge la Kitaifa peke yake haimtoi mtu ofisini. Hapo ameshtakiwa tu. Anayetoa uamuzi ni Seneti, na inahitaji theluthi mbili tena, yaani maseneta 45 kati ya 67.

Katika suala la Gachagua, Bunge la Kitaifa lilipiga kura Oktoba 8, 2024, na wabunge 281 wakaunga mkono hoja ya Mwengi Mutuse wa Kibwezi Magharibi. Mashtaka yalikuwa 11. Siku tisa baadaye Seneti ikakubali matano na kuyatupa sita. Watu wengi waliona hiyo ni droo au karibu na droo. Siyo. Katiba inasema shtaka lolote likithibitishwa, kiti kimeondoka. Lingekubaliwa moja tu, matokeo yangekuwa yale yale.

Na hapa kuna jambo linalopita watu kirahisi. Miongoni mwa mashtaka yaliyokataliwa ni yale ya kujilimbikizia mali, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakizungumzwa sana mitaani. Yaliyopita yalihusu zaidi maneno na mwenendo, kama vile kauli za kuwagawanya Wakenya kwa misingi ya kikabila na mashambulizi dhidi ya jaji. Kwa hiyo anayesema Gachagua "alitimuliwa kwa wizi" anakosea, na anayesema Seneti "ilimsafisha" naye anakosea. Seneti haina uwezo wa kumsafisha mtu na jinai, kama isivyo na uwezo wa kumfunga.

Kwa magavana mlango ni mpana zaidi. Kifungu cha 181 kinaongeza matumizi mabaya ya ofisi pamoja na kushindwa kufanya kazi kwa maradhi ya mwili au akili. Theluthi mbili inahitajika katika Bunge la Kaunti, lakini hoja ikifika Seneti wingi wa kura unatosha. Ndiyo maana tumewaona magavana wengi wakisimamishwa mbele ya maseneta. Kawira Mwangaza wa Meru aliponea Seneti Desemba 2022, akaponea tena Novemba 2023, na Agosti 2024 bahati ikamwishia. Mahakama ilisimamisha uamuzi ule kwa miezi kadhaa, kisha Machi 2025 Mahakama Kuu ikaubariki.

Tugeukie upande wa jinai, ambako mambo ni ya polepole.

Mahakamani kipimo cha ushahidi ni cha juu. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kosa bila kuacha shaka ya maana. Shahidi akibadilisha maneno, hati ikipotea, mpelelezi akiruka hatua moja, mshtakiwa anaenda nyumbani. Lakini kesi ikishinda, matokeo yake ni mengi kuliko kifungo tu. Sheria ya Kenya ya kupambana na ufisadi ya mwaka 2003 inaweka faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka kumi, au vyote viwili. Juu yake kuna faini ya lazima ambayo ni mara mbili ya faida aliyopata mtu au hasara iliyotokea. Hiyo faini ya pili ndiyo inayozaa zile tarakimu za kutisha tunazozisoma magazetini. Sheria hiyo hiyo inamzuia aliyetiwa hatiani kuchaguliwa au kuteuliwa kuwa mtumishi wa umma kwa miaka kumi tangu hukumu.

Ferdinand Waititu, aliyekuwa gavana wa Kiambu, ni somo zuri kwa sababu alipita njia zote mbili. Alishtakiwa mahakamani Julai 2019 kuhusu zabuni ya barabara ya shilingi milioni 588, akazuiwa kuingia ofisini kama sharti la dhamana. Kesi ikiwa ndiyo kwanza inaanza, Bunge la Kaunti likamtimua, na Seneti ikaidhinisha Januari 29, 2020. Hakimu alimtia hatiani Februari 2025, akampa faini ya shilingi milioni 53.5 au kifungo cha miaka 12. Pima muda huo. Siasa ilimaliza kazi kwa takribani miezi sita tangu ashtakiwe, sheria ya jinai ikahitaji zaidi ya miaka mitano.

Moses Lenolkulal wa Samburu ni picha iliyogeuzwa. Alishtakiwa Aprili 2019 kwa kuiuzia kaunti yake mafuta kupitia kituo chake mwenyewe cha petroli, naye akafungiwa mlango wa ofisi kwa amri ya mahakama. Bunge la kaunti yake halikumtimua. Alibaki gavana kwa jina hadi muhula ukaisha 2022, na hukumu ya hatia ikamkuta Agosti 2024 akiwa mstaafu. Ukiniuliza, kisa cha Samburu kinafundisha zaidi kuliko cha Gachagua kuhusu kile ambacho wabunge wanaweza kukiacha kipite wakiamua.

Na yule mbunge mwenye hukumu anayeendelea kukaa bungeni? John Waluke wa Sirisia alihukumiwa Juni 2020 katika kesi ya mahindi ya bodi ya nafaka, faini ya mamilioni au miaka 67 jela. Alikata rufaa, akatoka kwa dhamana, na Agosti 2022 wapiga kura wa Sirisia wakamrudisha bungeni. Rufaa zikaendelea baada ya hapo. Watu walikasirika na kulaumu tume ya uchaguzi, lakini tume haikuwa imelala. Kifungu cha 99 cha Katiba kinamzuia kugombea ubunge mtu anayetumikia adhabu ya kifungo cha miezi sita au zaidi, pamoja na mtu aliyepatikana, kwa mujibu wa sheria, kuwa ametumia vibaya ofisi ya umma. Kisha kifungu kidogo cha tatu kinaongeza kwamba zuio hilo haliumi mpaka nafasi zote za rufaa ziwe zimekwisha. Masharti ya mwakilishi wadi, yaani mjumbe wa Bunge la Kaunti, yanafanana na hayo, na mgombea ugavana lazima awe na sifa za mwakilishi wadi. Mgombea urais lazima awe na sifa za mbunge. Kwa hiyo mlango wa rufaa unawahusu wote.

Kanuni hiyo ina mantiki. Mahakimu hukosea, na mtu aliyenyimwa uchaguzi kwa hukumu ambayo baadaye inafutwa hawezi kurudishiwa miaka mitano. Tatizo ni kwamba rufaa Kenya huchukua miaka, na wakili mzuri anaweza kuivusha uchaguzi mmoja, pengine hata miwili. Anayefaidi ucheleweshaji ni mwenye pesa ya kumlipa wakili huyo.

Kwa mwananchi wa kawaida hatia ina uzito mwingine. Cheti cha maadili mema kutoka idara ya upelelezi kinachafuka, na kazi nyingi zinakitaka. Lakini kura haipotei, ingawa wengi huamini inapotea. Kifungu cha 83 kinamnyima mtu mwenye hatia haki ya kuandikishwa kuwa mpiga kura ikiwa tu alitiwa hatiani kwa kosa la uchaguzi ndani ya miaka mitano iliyopita. Mwizi wa ng'ombe aliyeko gerezani anaweza kumpigia Rais kura, na wafungwa walifanya hivyo 2017. Aliyenunua kura ndiye anayefungiwa kituo.

Sasa tulinganishe makali ya njia hizi mbili, kwa sababu hapa sheria inaleta jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mtu angedhani kwamba hukumu ya mahakama, yenye ushahidi mzito na viapo, ndiyo inayomwondoa mwanasiasa ulingoni kabisa, na kura ya wabunge ni aibu tu ya kupita. Katika Kenya ni kinyume. Hukumu ya ufisadi inazuia kwa miaka kumi, na rufaa inaweza kuitia breki. Kifungu cha 75 cha Katiba, kilichomo katika Sura ya Sita ya uongozi na uadilifu, kinasema mtu aliyeondolewa ofisini kwa kukiuka masharti ya sura hiyo yaliyotajwa pale hawezi kushika wadhifa mwingine wa serikali. Hakitaji miaka kumi wala ishirini.

Mike Sonko aligundua makali hayo. Seneti ilimtimua ugavana wa Nairobi Desemba 17, 2020. Mwaka 2022 akahamishia ndoto zake Mombasa, akitaka ugavana wa huko, na kwa siku chache ilionekana atafaulu. Julai 15, 2022, Mahakama ya Juu ikatupa rufaa yake kuhusu kutimuliwa kwake, na safari ikaishia hapo. Katika maelezo yake mahakama hiyo ilisema wazi kwamba Sura ya Sita haikuandikwa kwa mapambo. Waititu naye alijaribu kurudi Kiambu mwaka huo huo na tume ya uchaguzi ikamkatalia, miaka mitatu kabla hakimu hajamtia hatiani.

Anayetimuliwa kutoka kiti cha Rais au Naibu Rais hupoteza pia marupurupu ya kustaafu, pamoja na magari na walinzi wanaoambatana nayo. Hilo mahakama ya jinai haihusiki nalo.

Kuna eneo moja ambapo njia hizi mbili hugusana, nalo ni kinga ya Rais. Rais wa Kenya hawezi kushtakiwa kwa jinai akiwa madarakani, isipokuwa kwa uhalifu ambao mkataba wa kimataifa uliosainiwa na Kenya unakataza kinga. Akitoka tu, kwa uchaguzi au kwa kutimuliwa, mlango wa mahakama uko wazi, na muda aliokaa Ikulu hauhesabiwi katika ukomo wa kufungua kesi. Naibu Rais hana kinga hiyo.

Tanzania imeandika jambo hili kwa namna inayovutia zaidi. Ibara ya 46 ya Katiba ya 1977 inamkinga Rais hata baada ya kustaafu kwa mambo aliyoyafanya kama Rais. Lakini kinga hiyo ya baadaye inamponyoka akiondolewa na Bunge chini ya Ibara ya 46A, ambayo inahitaji taarifa iliyosainiwa na angalau asilimia 20 ya wabunge wote, kamati ya uchunguzi, na mwishowe theluthi mbili. Kwa maneno mengine, kule kura ya Bunge haimhukumu Rais, lakini inamvua ngao mbele ya hakimu. Haijawahi kutumika.

Mkanganyiko mwingine unatoka Marekani, kwa kuwa habari zake tunazila kila siku. Donald Trump alishtakiwa na Baraza la Wawakilishi mara mbili, Desemba 2019 na Januari 2021, na Seneti ikamwachilia mara zote mbili. Kura za Februari 2021 zilikuwa 57 dhidi ya 43, wengi wakiona ana hatia, lakini theluthi mbili haikufika. Mei 30, 2024, baraza la wazee wa mahakama New York likamtia hatiani kwa makosa 34 ya kughushi kumbukumbu za biashara. Novemba akachaguliwa Rais. Januari 2025 jaji akamwachilia bila adhabu yoyote, ingawa hatia ilibaki. Katiba ya Marekani haimkatazi mwenye hatia ya jinai kugombea urais, na hata anayetimuliwa na Seneti hapigwi marufuku moja kwa moja. Hiyo inahitaji kura ya pili ya peke yake. Kwa hiyo Mkenya anaposema "mbona Trump aliweza", jibu ni kwamba Trump hakuwa na Sura ya Sita.

Na sasa 2027 inakaribia, na wafuasi wa Gachagua wana hoja ambayo haifai kupuuzwa kwa kelele. Wanasema Kifungu cha 99 kinataka rufaa zote ziishe, na kesi za kupinga kutimuliwa kwake zilikuwa bado na ngazi za rufaa mbele yake. Sonko, wanakumbusha, alizuiwa baada ya Mahakama ya Juu kumaliza, si kabla. Wapinzani wao wanashika Kifungu cha 75, ambacho hakitaji rufaa popote. Swali gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni lingine: je, yale mashtaka matano yaliyopita yanahesabika kama ukiukaji wa masharti ya Sura ya Sita yanayotajwa na Kifungu hicho, au ni ukiukaji wa sehemu nyingine za Katiba? Kumfungia mtu maisha kwa sababu ya maneno ya jukwaani ni jambo ambalo majaji watapaswa kulieleza kwa uangalifu, wawe wanampenda au hawampendi, na afadhali walieleze kabla karatasi za kura hazijachapishwa.